Msomaji wa Kitabu Kisicho na Maneno

Rafiki yangu mmoja, fundi wa kujalidi vitabu, alikuwa na ugonjwa wa kukusanya riwaya za zamani za katuni zisizo na neno hata moja. Moja alikuwa nayo kwa matoleo matatu. Alikosa la kwanza tu. Jioni hiyo, mgongo ukimuuma kwa kazi ya kutwa, akalifuata kwa mjane mmoja aliyekuwa akiliuza.

“Kimo chumba cha ndani, mwanangu. Taa imeungua,” yule mjane akamwambia, akabaki sebuleni.

Chumba hakikuwa na dirisha. Akawasha tochi ya simu, akakipata kitabu, akakifunua. Gizani nyuma yake, sauti nzito ikaanza kusimulia kila picha, polepole, kama inayombembeleza mtoto alale. Akageuza tochi: ukuta mtupu.

“Mama, nani huku?”

“Tuko wawili tu, baba.”

Kurasa za mwisho, ambazo hazikuwamo katika matoleo yake matatu, zilikuwa zimeungana ukingoni, hazijakatwa tangu kiwandani. Sauti haikungoja. “Hapa anasukuma kiti mlangoni, yule asirudi tena.”

Akakinunua hivyo hivyo, akatoka mbio. Nyumbani akapasua kurasa zile kwa kisu chake cha kazi. Mtu wa katuni alikuwa akisukuma kiti mlangoni, kwa mikono yote miwili.