Nyanya Marcella Hakohoi

Kila Jumamosi, kabla ukungu haujaondoka kwenye migomba, Kaari alikuwa amekwisha kukata majani ya ng'ombe na kuwasha moto jikoni kwa nyanya yake, huko Kaaga, Meru. Kaari akikoroga uji wa wimbi, Nyanya Marcella aliketi kando kwenye kigoda, miguu ameinyoosha kuelekea motoni, simu yake ndogo imelala katika mfuko wa sweta. Alikuwa akingoja simu, na mtu anayengoja lazima ajifurahishe na kitu.

"Kitendawili!" alisema Nyanya.

"Tega!"

"Askari wangu ni wazee. Mwizi anabisha mlangoni, wao bado wanatafuta viatu."

Kaari alifikiri mpaka uji ukataka kumwagika. "Ni mbwa wa jirani yetu, Mzee Muthamia?"

"Wacha mbwa wa watu! Umeshindwa. Nipe mji."

"Nakupa Chuka."

"Chuka nimekwenda, nikala ndizi nikashiba, nikarudi. Jibu ni mwili wangu huu unaouona."

Kitendawili hicho Nyanya alikitunga mwenyewe, baada ya kuelezwa na Sista Ednah, muuguzi wa hospitali. Ndani ya kila mwili mna askari. Sindano ya chanjo huwaonyesha sura ya mwizi mapema, ili akija wamtambue. Askari wa kijana huruka mara moja. Askari wa mzee huamka polepole, na ndiyo sababu chanjo ya homa ya mafua haiwakingi wazee vizuri kama inavyowakinga vijana. Kwa hiyo wataalamu walikuwa wametengeneza chanjo yenye nguvu zaidi kwa ajili ya wazee, na sasa walitaka kujua kama kweli inashinda ile ya kawaida. Waliomba wazee wajitolee. Wengine wangepewa ya kawaida, wengine ile ya nguvu, na hakuna ambaye angeambiwa amepewa ipi mpaka mwisho.

Nyanya Marcella alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono na kuchanjwa. Rafiki yake Peninah, aliyepakana naye shamba tangu ujana wao, alikuwa amechanjwa chanjo ya kawaida, na bado homa ya majira ya baridi ikamwingia kifuani ikamchukua.

"Nyanya, wamekufanya panya wa maabara," alimtania Kithinji, kaka yake Kaari, aliyekuwa kidato cha pili na kujiona amemaliza vitabu vyote.

"Panya haulizwi," Nyanya alimjibu. "Mimi niliulizwa, nikasema ndiyo. Wewe ulisema ndiyo lini, hata ya kuchota maji?"

Kithinji alichukua mtungi akatoka.

Simu iliyongojwa kila Jumamosi ilikuwa ya Sista Ednah, aliyewapigia wazee wote waliojitolea kuuliza kama wameugua. Alikuwa mzaliwa wa Runyenjes, upande wa Embu, lakini alikuwa amejifunza kuwasalimu wazee wa Meru kwa lugha yao.

"Muga, Nyanya!"

"Muga! Muga sana!"

Sasa salamu hiyo, kila mtoto wa Meru anaijua. Ukiambiwa "Muga" unajibu "Muga", yaani ni salama. Hata kama upepo umeng'oa bati za nyumba usiku, kwanza utajibu "Muga", kwa sababu hiyo ndiyo heshima.

"Hakuna kikohozi? Homa? Mwili hauumi?"

"Hakuna, mwanangu. Mimi ni jiwe la mtoni."

Na kweli alikuwa jiwe, mpaka ulipofika Julai.

Jumamosi moja Kaari alifika akakuta jikoni hakuna mtu. Nyanya alikuwa kitandani, amejifunika mablanketi mawili na koti la marehemu babu juu yake, na bado alitetemeka. Kikohozi kilimkamata kikamwachilia, kikamkamata tena. Uji aliopelekewa ulifanya utando, hakuugusa.

Simu ikalia. Nyanya akajiinua kwa kiwiko, akasafisha koo, akajifuta uso kama mtu anayekwenda kupigwa picha.

"Muga, Nyanya!"

"Muga! Muga sana!"

"Leo sauti iko chini kidogo. Hakuna kikohozi?"

"Ni moshi wa kuni, mwanangu. Tuko wazima kabisa."

Alipokata simu, alikohoa kwenye leso mpaka machozi yakamtoka. Kaari alisimama mlangoni, kikombe mkononi.

"Nyanya, umemdanganya Sista."

"Nimemsalimu," alisema Nyanya, akafumba macho. Baada ya kupumzika aliongeza, "Sikiliza, Kaari. Yule mtoto wa watu amezunguka matopeni mwaka mzima kwa ajili yetu wazee. Nikimwambia naumwa, si watu watasema chanjo yake ni maji tu? Nimharibie kazi, mimi Marcella? Nyamaza, na usimwambie mtu."

Kaari alitoka nje. Alimkuta Kithinji anapasua kuni, akamweleza yote.

"Piga simu umwambie Sista," alishauri Kithinji.

"Nimwumbue Nyanya kwa simu yake mwenyewe? Mtu mzima amesema ni salama, mimi niseme si salama?"

"Basi nyamaza."

Lakini angenyamaza vipi? Kutoka hapo uani alisikia pumzi ya Nyanya ikivuta kama msumeno kwenye mbao mbichi. Aliwahi kuisikia sauti ile, kupitia ua, nyumbani kwa Peninah. Kaari alirudi ndani akaketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Nyanya, kitendawili."

"Tega," Nyanya alinong'ona. "Lakini kiwe kifupi."

"Nyumba yangu inaungua. Jirani akiuliza moshi ni wa nini, namwambia napika mukimo."

Nyanya alimtazama. Alimtazama sana. Kuku aliingia, akazunguka chini ya kitanda, akatoka.

"Nipe mji basi," alisema Kaari.

"Sikupi mji wowote. Jibu ninalijua." Akanyoosha mkono wake uliokuwa wa moto kama jiko. "Lete hiyo simu."

Safari hii hakusubiri salamu. "Ednah, mwanangu, ile Muga yangu ilikuwa ya mdomo tu. Naumwa tangu juzi."

Sista Ednah alifika na gari la hospitali. Alimwingiza Nyanya kijiti chenye pamba puani, na Nyanya akampigia chafya moja kubwa hata kofia ya Sista ikapeperuka. Ilikuwa homa ya mafua kweli, na ilikuwa imeanza kushuka kifuani. Daktari alisema wamewahi. Alilazwa, akapewa dawa, na kabla ya shule kufungwa alikuwa amerudi kwenye kigoda chake, amekonda, lakini ulimi ni ule ule.

"Nimekuharibia kazi," alimwambia Sista alipokuja kumtazama, akamsimulia na kitendawili cha Kaari.

"Ungeniharibia kama ungeendelea kunificha," alijibu Sista Ednah. "Nikiwahesabu wagonjwa kuwa wazima, nitajuaje chanjo ipi inawafaa wazee? Kikohozi chako ni kazi yangu, Nyanya." Akacheka. "Hata mimi nimejifunza. Nitauliza kikohozi kwanza, salamu baadaye."

Mwaka uliofuata wazee waliitwa kwenye ukumbi wa kanisa kuelezwa matokeo. Kaari na Kithinji walisimama nyuma. Waliopewa chanjo ya nguvu walikuwa wameugua wachache kuliko wale wa kawaida. Wazee walipiga makofi. Kisha kila mmoja akaambiwa alichopewa, na Nyanya Marcella alikuwa amepewa ile ya kawaida.

"Kumbe hata hukupewa ile nzuri!" alisema Kithinji.

"Wewe unapanda mahindi," Nyanya alimwambia. "Shamba moja unatia mbolea nyingi, la pili kidogo. Bila hilo la pili, utajuaje mbolea imefanya kazi? Mimi ndiye lile shamba la pili. Bila mimi hawa wangepiga makofi ya nini?"

Ukumbi mzima ulicheka. Sista Ednah alimshika Kaari bega, akamsogeza mbele ya watu.

"Mnisikilize, wazee wangu," alisema. "Tulijua ukweli kwa sababu Nyanya huyu alikubali kusema anaumwa, na alikubali kwa sababu mtoto huyu alimpenda kuliko alivyoogopa kumuudhi. Kuugua si aibu. Ukificha ugonjwa, unajinyima matibabu, na unamnyima jirani yako maarifa. Na ninyi watoto, mkweli anaweza kumkosoa mkubwa wake bila kumvunjia heshima. Mwulizeni Kaari."

Siku hiyo Nyanya alichanjwa ile ya nguvu, akatoka ameinua mkono kama aliyeshinda kura.

Jumamosi iliyofuata simu ililia jikoni. Sista Ednah, kwa mazoea, alisahau ahadi yake ya kuuliza kikohozi kwanza.

"Muga, Nyanya!"

"Muga!" alisema Nyanya. Akamtazama Kaari aliyekuwa anakoroga uji, akatabasamu. "Lakini goti la kushoto linaniuma. Andika."