Nyumba ya Dakika Kumi Toka Stesheni

Nyumba ilinuka maziwa ya mama. Specioza aliisikia harufu hiyo asubuhi ya tatu tangu wahamie, akadhani ni nguo zake za wodini. Alikuwa nesi wa wazazi hospitali ya Katumba, akienda kazini kwa treni. Lakini wiki hiyo hakuwa amehudumia mzazi yeyote, na mwanawe wa pekee, Upendo, alikuwa na miaka sita.

"Mama Upendo, nyumba umeichagua mwenyewe," mumewe Anselmo alimtania. "Vigae, geti, dakika kumi mpaka stesheni. Sasa unanusa kuta?"

Ni kweli aliichagua. Walipokuwa wamepanga mtaa wa Shanwe, mbali na stesheni, alikuwa akiachwa na treni kila mara, akaitwa ofisini kujieleza. Huku walikohamia majirani walikuwa na magari na bustani. Naye akataka maua. Siku ya pili, pembeni mwa ua, alikuta chungu kimefunikwa mdomo chini. Akakigeuza, akakijaza udongo, akapanda waridi.

Siku ya nne kichanga kililia mchana kweupe chini ya dirisha la jikoni. Walitoka, hapakuwa na mtu. Siku ya sita Upendo aliacha uji. Alisema kuna mtoto anamsukuma kila akipakatwa. Siku ya nane hakuweza kusimama. Vipimo vya malaria havikuonyesha kitu, na kila Specioza alipompakata kumnywesha maji alihisi uzito wa pili ukimpanda magotini, mdogo, wa baridi, ukitafuta titi kwa mdomo, na kadiri alivyomkumbatia mwanawe ndivyo Upendo alivyozidi kukosa pumzi, mpaka macho yakamgeuka na Anselmo akampokonya huku akipiga kelele.

Anselmo alimleta Bibi Getrude, mganga wa Kasokola. Bibi aliingia, akanusa, akaenda moja kwa moja kwenye waridi.

"Nani kageuza hiki?"

"Mimi, bibi. Nilidhani kimetupwa."

"Cha kutupwa kinafunikwa hivi? Hapa kalazwa pacha aliyekufa mchanga, akafunikiwa chungu asitoke. Nyie makwenu mnafundishwa nini siku hizi? Maua?"

"Tutakifunika tena," Anselmo alisema haraka.

"Funika. Kishatoka. Na kilichotoka si mtoto tena, ni jini lililolelewa gizani."

"Linataka nini?" Specioza alinong'ona.

"Mama. Huyu wako linamwondoa tu, apishe nafasi."

Bibi alifukiza dawa, akaita majina, akapiga kuta kwa matawi mpaka kanga yake ikalowa jasho. Kilio hakikukatika. Akaketi chini, akatikisa kichwa.

"Basi tuhame," Specioza alisema. "Leo kuna treni saa nane."

"Litapanda nawe. Linakufuata wewe, mwanangu, haliifuati nyumba. Mtoto aende, wewe ubaki. Na lisijue kuwa unampenda mwingine."

Anselmo alimwinua mwanawe. Alimfunga Upendo mgongoni kwa kanga. Hawakuagana, Bibi alikataza.

Specioza alikaa kitandani. Uzito ukapanda magotini. Walipofika getini Upendo alivuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu juzi, akalia kwa nguvu zote: "Mama!"

Kile kizito kikatulia. Kikainua kichwa, kikasikiliza.

"Mama," nacho kikaita.

Geti lilikuwa halijafungwa. Specioza alifungua vifungo vya blauzi yake, kimoja kimoja.

"Abee, mwanangu," akasema. "Sina mwingine."