Moshi Uliokwenda Kinyume na Upepo

Moshi ule ulikuwa unakwenda kinyume na upepo.

Mwanahawa aliutazama mara mbili. Kazi yake, katika ofisi ndogo ya Chikongola, mjini, ilikuwa kusoma picha za setilaiti zinazoingia kila siku baada ya saa saba mchana, na kutenganisha moshi wa mashamba na vumbi la barabara. Mwezi wa Agosti, upepo wa kusi husukuma moshi kwenda bara. Huu, mstari mwembamba kutoka Mpapura, ulikuja pwani, na chini yake hapakuwa na alama ya moto.

Mdogo wake, Shafii, ndiye aliyempigia simu asubuhi. "Dada, leo tazama shambani kwetu. Nahisi kuna moshi."

Desturi ya ofisi ni kwamba moshi mpya huandikwa jina la aliyeuona kwanza. Mwanahawa aliandika lake. Chumba kikanuka ubani.

Siku ya pili mstari ulifika Naliendele, karibu na mji. Siku ya tatu uligusa paa za Chikongola, na kifua chake kikabana, akaanza kukohoa.

"Kikohozi hicho, mama, unapikia kuni mezani?" alitania Josephu, mwenzake.

"Husikii ubani?"

Josephu alinusa, akaacha kucheka. "Sisikii. Ila kuna mtu anapumua nyuma ya kiti chako."

Kesho yake alfajiri alikwenda Mpapura. Chini ya mkorosho wa bibi yao, ambao majani yake hayachomwi, alikuta rundo la unga mweupe, limesimama bila ufa. Katika ukoo huu unga humwagwa jioni pamoja na ombi kwa mzimu wa mti. Ukikutwa umesimama asubuhi, ombi limepokelewa. Shafii alikaa kando yake, hakuinua macho.

"Uliomba nini?"

"Riziki alikuwa hapumui, dada. Mwanangu wa pekee. Yule wa mkorosho alitaka pumzi ya mtu wa damu yetu. Akasema jina nisilitaje mimi. Mwenyewe aliandike kwa mkono wake."

"Ukakumbuka kazi yangu."

"Ulinisimulia mwenyewe, umefurahi."

"Mama alipokufa nilikubeba mgongoni, Shafii."

"Ndiyo maana nilijua utatazama."

Mwanahawa alirudi ofisini kulifuta jina. Kidole kilikuwa juu ya kitufe simu ilipoita.

"Shangazi, leo nimekimbia mpaka kisimani," alisema Riziki. Nyuma yake Shafii alinong'ona, "Mwambie asante."

Alikata simu, akakaa akiisikiliza ile pumzi nyuma ya kiti ikikaribia shingo yake, nzito, yenye joto la jivu, huku picha ya siku hiyo ikifunguka polepole na kuonyesha kwamba mstari wa Mpapura umekwisha na moshi wote sasa umekusanyika, duara moja jeusi, juu ya paa la ofisi alimokaa, na yeye akaondoa kidole kwenye kitufe, akaliacha jina.

Mwanahawa alizikwa kesho yake, adhuhuri. Shafii alisema ana mgonjwa, hakuja.

Agosti iliyofuata Josephu aliona moshi mwembamba ukitoka upande wa makaburi ya mjini, ukielekea Mpapura. Huu ulifuata upepo. Alipotaka kuandika jina lake, alikuta nafasi imeshajazwa.

Aliyeuona kwanza: Mwanahawa.