Spana Iliyokosekana Kwenye Mfuko

Jua lilikuwa linazama Nati na kaka yake walipoingia kwenye banda nyuma ya nyumba ya bibi mjane. Nati alikuwa fundi wa magari ya kale, mkali hasa. Hata wanaume waliomcheka zamani sasa walimpigia magoti awatengenezee magari yao. Kaka yake alikuwa fundi wa bodi. Walikuja kuchukua gari jeusi la marehemu mume wa bibi, na mteja aliyelinunua alikuwa na sharti moja: litoke na vifaa vyake vyenyewe, vya kiwandani.

Mfuko wa turubai wa vifaa hivyo ulikuwa na vijumba saba. Sita vilijaa. Cha mwisho, kirefu, kilikuwa kitupu.

"Hicho ni cha spana ya magurudumu," Nati alisema.

Bibi akamletea moja. Nati akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Siyo, bibi. Chapa hii imechongwa kwa mkono. Ya kiwanda hugongwa." Ya pili ilikuwa ya lori. Ya tatu ilikuwa rafuni, imeviringishwa gunia, na bibi hakuigusa.

"Ile ni ya gari lingine," alinong'ona.

"Niione tu, bibi yangu."

Nati akaifungua. Nzito. Chapa ilikuwa imegongwa, na namba ilikuwa ileile ya koleo na bisibisi. Ndani ya herufi kulikuwa na kitu cheusi kilichoganda. Nati alidhani ni grisi. Akanusa...

Damu. Harufu yake mbichi kabisa.

Lakini ufundi nao una kiburi chake. "Hii ndiyo yenyewe!"

"Mwanangu, usiirudishe mle." Bibi alimshika Nati mkono. "Mume wangu alimmaliza dereva wake kwa hiyo. Hapohapo uliposimama. Miaka thelathini nimeitenga na wenzake."

Kaka akacheka. "Chuma ni chuma, bibi. Dada, chomeka twende zetu, giza linaingia."

Nati akaichomeka.

Tk!

Mlango wa gari ukafunguka. Hakuna aliyeugusa.

Akashuka mwanamume mwenye kofia ya dereva. Nusu ya uso wake ilikuwa imebonyea ndani, jicho linaning'inia shavuni. Akaichomoa spana, taratibu, kama mtu anayechukua mali yake.

Pigo la kwanza lilivunja mkono wa kaka. La pili lilimpata tayani. Meno yakatawanyika sakafuni.

"Nipige mimi!" bibi alipiga kelele. "Ni mume wangu aliyekuua! Mwache mtoto wa watu!"

Akampiga yeye. Mara moja. Fuvu likapasuka, damu ikaruka mpaka kwenye kioo cha gari.

Spana ikainuka tena juu ya kaka. Nati akaurukia mfuko, akaurarua, akavirusha vifaa nje ya mlango kimoja kimoja... koleo... bisibisi... nyundo...

Akageuka.

Mwanamume hakuwepo.

Polisi waliokota vifaa sita uani. Spana haikuonekana. Nati aliwaeleza juu ya mtu mwenye kofia, nao wakaandika kwamba ni jambazi aliyekimbia. Bibi akazikwa. Kaka akalazwa, taya limefungwa nyaya, na kila siku Nati alimpelekea uji, akamnywesha kwa mrija. Kaka alikuwa akimtazama tu, machozi yakimtoka.

Wiki ya sita nyaya zikafunguliwa. Kaka akaomba kila mtu atoke wodini, hata mama yao. Akabaki na dada yake.

"Dada," alisema kwa shida, "huyo mtu wa kofia ni nani?"

"Si yule aliyeshuka garini? Ulimwona!"

"Hakuna aliyeshuka. Tulikuwa watatu tu mle ndani." Akameza mate. "Ni wewe uliyenipiga. Ukampiga na bibi. Ulikuwa unalia, na hukuacha."

Nati alitaka kusema hapana. Alitaka kumshika mkono kaka yake, amwapie kwa mama yao.

"Nani mwingine umemwambia?" aliuliza.

Kaka akajikunyata ukutani. Sauti iliyotoka kinywani mwa dada yake ilikuwa nzito, ya mwanamume.