Kiatu cha Kushoto

Simu ilitetema mara mbili, ikanyamaza, ikatetema tena.

Hyasinta alikuwa nyuma ya kaunta, katika duka la vipuri vya cherehani pale Jeppestown. Duka lilikuwa pazia tu. Kazi yake hasa ilikuwa nyingine. Aliangalia mlangoni, kisha akapokea.

"Sindano imekatika," ilisema sauti ya Laurenti.

"Namba ngapi?"

"Kumi na nne."

Kumi na nne ilikuwa na maana moja tu: chukua, choma, usiangalie.

Laurenti alikuwa mkuu wa kituo cha Idara ya Ujasusi mjini Johannesburg, Mtanzania wa miaka sitini na miwili, mpole wa sauti, mzito wa kucheka. Mbele za watu Hyasinta alimwita Mkuu. Wakiwa wawili alimwita Baba. Ndiye aliyemlea tangu baba yake mzazi, Jabari, alipofia masomoni Ulaya Mashariki mwaka 1983. Kichomi, waliambiwa. Hyasinta alikuwa na miaka miwili.

"Troyeville," aliendelea Laurenti. "Kuna fundi nguo Mkongo, anaitwa Placide. Ana kopo la filamu. Mna ramani za magendo ya silaha humo. Wazungu wawili wanalitaka. Wawahi, ulichome hapo hapo."

"Filamu gani, Baba?"

"Upuuzi wa zamani. Usiitazame."

Simu ikakatwa.

Aliichomeka Glock 19 kiunoni, akawasha Toyota Etios nyeupe. Robot, yaani taa ya barabarani, ya Jules Street iliwaka nyekundu. Hakusimama.

Nyuma yake BMW ya kijivu nayo haikusimama.

Akakata kushoto. BMW ikakata kushoto. Akaingia kichochoro cha wauza vyuma chakavu, akapenya kati ya lori na ukuta, kioo cha pembeni kikang'oka. BMW ilikuwa pana mno. Aliisikia ikikwama na kupiga honi kwa hasira.

Amepata dakika kumi. Labda kumi na tano.

Placide hakushtuka kumwona. Alikuwa mzee mwembamba mwenye futi ya kupimia shingoni. Alimtazama kwa muda, macho yakamlegea.

"Karibu, mama. Weye njo mutoto ya Jabari. Sura moja kabisa."

Hyasinta aliweka mkono juu ya bastola. "Umemjuaje baba yangu?"

"Tulilala chumba moja miaka tatu, kule kwa Wakomunisti. Shiye batatu. Miye, Jabari, na Laurenti."

Laurenti hakuwahi kumwambia kwamba anamjua Placide.

"Nipe kopo, Mzee Placide. Kuna watu wanakuja kukuua."

"Najua. Nilibandika tangazo ku mulango ya kanisa: leo saa nane tunaonyesha filamu. Nilijua batakuja." Alivuta kitambaa cheupe cha bitana ukutani, akawasha projekta kuukuu. "Lakini dakika tano utanipa. Ikala."

Chukua, choma, usiangalie.

Hyasinta akaketi.

Ilikuwa vichekesho. Kiwanda cha viatu katika nchi ya kikomunisti kilikuwa kimepokea mashine inayotengeneza kiatu cha kushoto peke yake. Hakuna aliyethubutu kuripoti. Mkurugenzi akaitisha mkutano, akatangaza kwamba chama ni cha mrengo wa kushoto, basi na miguu ya wananchi iwe ya kushoto. Makofi. Mji mzima ukaanza kutembea upande kama kaa. Placide alitafsiri huku akifuta machozi ya kicheko. Filamu ile ilipigwa marufuku kabla haijaonyeshwa hata siku moja. Aliyeiongoza alifungwa. Nakala pekee ilitoka nchini ndani ya sanduku la Placide, chini ya mashati, na kwa miaka thelathini na minne hakumwonyesha mtu.

Hyasinta alijikuta anacheka kwa sauti.

Halafu akaingia Jabari.

Alikuwa ameigiza mgeni kutoka Afrika anayetembezwa kiwandani. Hyasinta alimjua kwa picha moja tu ya pasipoti. Sasa mtu yule alitembea. Alijikuna sikio. Alimuuliza mkurugenzi kwa adabu zote, "Na cha kulia kiko wapi, ndugu?" kisha akang'ata mdomo ili asicheke.



"Sasa angalia vizuri," alisema Placide. "Hapa kazi ilikuwa imeisha. Balisahau kuzima kamera."

Waigizaji wakaondoka. Ukumbi ukabaki mtupu. Kwenye kona, kijana Mwafrika aliketi na ofisa mwenye magwanda ya polisi wa siri. Ofisa alifungua daftari. Kijana alimnyooshea kidole Jabari aliyekuwa akivaa koti mlangoni. Kisha akaweka saini.

Kijana yule alikuwa Laurenti.

"Kesho yake balimukamata," alisema Placide. "Hakuna kichomi, mama. Balimupiga mpaka mwisho. Na ule ofisa, leo anataka kuchaguliwa mukubwa wa inchi yao."

Hyasinta alitoa Samsung yake, akarudisha utepe, akarekodi kipande kile chote. Akakituma makao makuu Dar es Salaam, moja kwa moja, bila kupitia kwa mkuu wa kituo.

Mlango ulipigwa teke.

Mzungu wa kwanza aliingia na bastola yenye kizuia sauti. *Pff!* Cherehani ilipasuka. Hyasinta alijitupa chini, akafyatua mara moja. Bega. Bastola ya Mzungu ikaruka.

Wa pili alimkamata Placide shingoni.

Lilikuwa kosa. Placide alikuwa ameshika pasi ya mvuke, na ilikuwa moto.

Ukelele wa Mzungu ulisikika mpaka barabara ya pili. Hyasinta akammalizia kwa kitako cha Glock, akawafunga wote wawili kwa kamba za plastiki.

Ndipo simu ikalia mfukoni mwa Mzungu wa kwanza. Hyasinta aliichomoa, akatazama namba. Aliijua kwa moyo. Laurenti alimpa yeye peke yake, au ndivyo alivyodhani, kwa ajili ya siku ya hatari.

Aliiacha ilie mpaka ikachoka. Kisha akapiga kwa simu yake.

"Nimechoma, Baba. Mmoja kafa, mmoja nimemficha Doornfontein, ukumbi wa kanisa la Wakongo. Njoo umhoji mwenyewe."

Laurenti aliuliza jambo moja tu.

"Umeitazama?"

"Uliniambia nisitazame."

Saa nane na nusu Laurenti alisukuma mlango wa ukumbi. Hakukuta mateka. Alikuta Wakongo, Warundi na Watanzania zaidi ya mia, wameketi kwenye viti vya plastiki, wanacheka mpaka wanashikana mabega. Placide alikuwa nyuma ya projekta, na ukutani mji mzima ulikuwa unatembea upande.

Akageuka atoke. Hyasinta alikuwa amesimama mlangoni.

"Simama uone mwisho wake, Mkuu."

Hakumwita Baba. Laurenti alilisikia hilo.

Kicheko kilipungua, kikafa. Ukutani kidole kilinyooshwa, saini ikawekwa. Mwanamke mmoja kwenye safu ya nyuma aligeuka, akamtazama Laurenti, akatazama tena ukutani.

"Nilikuwa na miaka ishirini na minane," alinong'ona Laurenti. "Walinitisha, Hyasinta."

"Baba yangu alikuwa na mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Na leo? Leo pia walikutisha, ukanituma nichome, kisha ukawaelekeza kule nilikokuwa?"

"Nilikulea," alisema, na sauti ilimkatika. "Homa zako zote nimekesha nazo."

"Ndiyo. Ndiyo maana inauma."

Maofisa wawili wa kituo chake mwenyewe, waliopewa amri na Dar, walitokea pande zote mbili. Mmoja alimvua Laurenti bastola. Mzee hakupinga. Mabega yake yalikuwa yamekwisha shuka.

Hyasinta alivaa miwani yake ya jua.

"Vidonge vyake vya presha vimo mfuko wa ndani wa koti," aliwaambia. "Kimoja saa kumi kamili. Msisahau, yeye husahau."

Akatoka nje juani, akavuka barabara bila kugeuka.