Unga Chini ya Sapatu

Saa tatu asubuhi, afisa afya Ruxandra Pogor aliinua kifuniko cha pipa la unga akakuta mavi ya panya. Ilinca Dobrotă, mwenye jiko, alikaa kitako juu ya gunia la sukari. Kiwanda cha nguo kilishamwachisha kazi. Asipopata kibali cha kuoka nyumbani, Pasaka hii hatauza hata mkate mmoja.

"Majirani wote walikubali," alilia. "Wa juu, wa chini, wa ubavuni. Sheria ilitaka hivyo, nikawabembeleza mmoja mmoja!"

Ruxandra aliuchunguza unga. Mavi yalikuwa makavu, tena juu juu tu.

"Panya gani huyu, akimaliza haja anafunika pipa?"

Kitasa kilikuwa kizima. Ilinca alikuwa ametoka asubuhi kununua mayai. Ufunguo wa akiba walikuwa nao wawili: Năstase wa ghorofa ya juu, msimamizi wa jengo, na Bibi Veturia wa mlango wa pili, mama wa ubatizo wa Ilinca.

Alipoitwa, Năstase aliteremka akifoka, viatu vimejaa tope la mvua ya usiku.

"Mashine yake ya kukandia unga inanguruma tangu alfajiri! Lakini mavi ya panya niyatoe wapi? Nina paka watatu!"

"Viatu!" Ilinca alimkemea.

"Sivui. Soksi zimetoboka," alisema, akabaki kizingitini.

Ruxandra aliangalia sakafu. Haikuwa na tope hata chembe. Aliyeingia alivua viatu.

"Sapatu hizi za wageni za kuvaa ndani ulizisafisha lini?"

"Jana jioni, nilipopiga deki. Leo mgeni ni wewe tu."

Ruxandra alizigeuza zote pale rafuni. Pea moja nyekundu ilikuwa na unga kwenye soli.

"Hizi huvaa nani?"

Bibi Veturia, aliyekuwa amesimama mlangoni nyuma ya Năstase, alijibu mwenyewe.

"Mimi. Mavi niliyazoa stoo, kwenye viazi."

"Umekuja kuharibu, ukavua viatu?" Ruxandra aliuliza.

"Ningeingiaje na viatu nyumbani kwa mwanangu?"

"Mama, si ulikubali!" Ilinca alisema.

"Nilikubali. Kisha ukanisomea masharti: jikoni haingii asiyehusika. Tangu mume wangu afe, kahawa yangu ya asubuhi nainywa pale dirishani mwa jiko hili. Ulisoma huku unacheka, Ilinca."

Maneno hayo yalimchoma Ilinca. Hakukumbuka kama alicheka.

"Mwaga unga, osha pipa," Ruxandra alisema. "Ijumaa nitakagua tena. Masharti hayabadiliki: humu ni wewe peke yako."

Ilinca alinyoosha mkono. Bibi Veturia aliutoa ufunguo, nao ukatiwa mfukoni mwa aproni. Kikongwe aligeuka aondoke.

"Ngoja."

Ilinca alivua sapatu zake mwenyewe, akampa.

"Ziweke mlangoni kwako, nizivae nikija. Kesho, kabla sijawasha oveni, kahawa tunanywa kwako. Ufunguo sikurudishii."