Moshi wa Dobi

Dobi alifua nguo za mtaa mzima, lakini chakula alikula peke yake. Tangu mkewe afariki, aliyekuwa akimchangamsha ni mjukuu wake. Sasa naye ameondoka. Mtoto alikohoa mchana na usiku, mpaka mama yake akafungasha virago.

"Baba, tatizo ni moshi wako," binti alisema mlangoni. "Kifua cha mtoto kikipona, tutaona."

Dobi aliumia sana. Yeye alijiona mwangalifu. Kila alfajiri, kabla upepo haujaanza, aliwasha mkaa wa pasi chini ya madirisha. Alidhani hewa ikitulia, moshi haumfikii mtu.

Siku moja akaja mpima hewa, dada mwenye kisanduku cha vipimo. Kazi yake ni kukokotoa kwa kompyuta jinsi moshi unavyosambaa mitaani.

"Shikamoo, mzee. Vipimo vya alfajiri hapa kwako vinatisha."

"Marahaba, mwanangu. Lakini saa hizo hata jani halitikisiki!"

"Hapo ndipo penye shida."

Aliomba mabeseni mawili ya maji. Akadondoshea kila moja bluu ya nguo. La kwanza hakuligusa; bluu ikakaa pamoja, nzito. La pili alilikoroga, rangi ikafifia.

"Alfajiri ardhi ni baridi, hewa haikorogeki," alieleza. "Moshi unabaki chini na kuingia madirishani. Jua likipanda, ardhi inapata joto. Hewa ya chini inapanda, ya juu inashuka, zinavurugana. Moshi unachanganyika na hewa nyingi, unapungua makali."

"Kwa hiyo unaisha?"

"Hauishi, mzee. Washa mkaa kidogo, mkavu, mbali na madirisha. Ukipata pasi ya umeme, bora zaidi."

Dobi akainamisha kichwa. "Kumbe nimemkohoza mjukuu wangu mwenyewe."

Kuanzia kesho yake aliwasha mkaa saa nne asubuhi, mwisho wa uwanja. Wateja waliocheleweshewa nguo walinuna. "Vaeni mikunjo," aliwatania, "ndio mtindo mpya." Kisha alirudi ndani, kwenye ukimya wake.

Alimpelekea bintiye ujumbe kwamba mkaa sasa anauwasha mbali na madirisha. Wiki mbili hakujibiwa.

Jumamosi moja lango likagongwa. Binti alisimama nje na mtoto, akanusa hewa kwanza.

"Tutakaa kidogo tu, baba."

Siku hiyo dobi hakuwasha mkaa kabisa. Mtoto alilala kitandani mwa babu yake. Dobi aliketi kando, roho juu, akisubiri kikohozi.

Hakikuja.